Neno Nililolificha

Jumanne, 14 Mei 1996

Kumbe si malaria. Haikuwa malaria hata siku moja.

Daktari hajui Kipsigis na baba mkwe wangu hajui Kiswahili, kwa hivyo mimi ndiye hutafsiri. Ile mara ya kwanza, mwezi wa tatu, baba alisema homa inakuja na kwenda, usiku analowa jasho, mgongo unamuuma. Halafu, akiangalia ukuta, akasema korodani moja imefura. Nilitafsiri yote isipokuwa hilo. Nilisema "kiuno". Ningetamkaje neno kama hilo juu ya baba wa mume wangu?

Tukapewa dawa ya malaria. Mara tatu.

Leo hakuweza kusimama wima. Daktari alimpima nyuma ya pazia, akatoka akiniuliza kama tunachemsha maziwa, na kama kuna ng'ombe ametupa mimba. Nikamwambia mursik, maziwa yetu ya kugandisha, tunaweka kwa kibuyu bila kuchemsha, na ng'ombe yule mweupe alitupa mwezi wa kwanza. Damu ikapimwa. Ni brucella, ugonjwa wa ng'ombe unaompata mtu kwa maziwa mabichi. Daktari anaogopa imeshaingia kwa uti wa mgongo.

"Huo uvimbe ni wa siku nyingi," daktari akasema. "Muulize kwa nini alinificha."

Nikamuuliza. Baba alinitazama kwa muda, mpaka nikainamisha kichwa.

"Mwambie nilisahau," akasema. "Mwambie ni uzee."

Hilo nilitafsiri neno kwa neno.