Zamu Yangu ya Sururu

Tinde, Jumamosi usiku

Nguvu ni uwezo wa mwili kufanya kazi leo na kuirudia kesho. Unene haumo katika maana hiyo, wala wingi wa ugali.

Leo tumemzika jirani wa wakwe zangu. Nilipoinyooshea mkono sururu, shemeji yangu Masanja aliniwahi. "Shemeji, kaa na wazee. Ukiteleza humo tutakufukia wewe kwanza!"

Vijana walicheka. Wananijua kwa ukondefu na kwa tumbo hili linaloniharisha tangu ujana. Hawajui kwamba tangu mwaka jana nanyanyua ndoo za mchanga kila asubuhi na kula kidogo kidogo, vyakula vile tu ambavyo tumbo limevikubali.

Niliingia kaburini. Nilichimba zamu yangu, kisha nikachimba ya Masanja.

Baadaye ukaletwa ugali, maharage na maziwa mgando. Nilifungua kontena langu la wali na mayai ya kuchemsha.

"Umechimba nasi, halafu chakula chetu unakikataa?" Safari hii Masanja hakutania.

"Mikono iliyochimba zamu yako imejengwa na wali huu," nilimjibu, nikaula wote mbele yao.

Nakiri kwamba naogopa siku tumbo litakaporudia ukali wake. Hata hivyo, sitaugua wiki nzima ili niitwe mwenzao kwa mlo mmoja.

Lakini ikiwa jasho la kaburini halikutosha kunifanya mwenzao, ni kitu gani hasa ambacho watu hugawana wanapokula sahani moja?