Injini ya Kindege

Mkunazini, Mjini
2 Novemba 1954

Dada yangu Kidawa,

Shikamoo. Huku wazima, ila mimi kichwa kinanigonga. Miguu yako je, imepoa?

Wiki hii saa za watu ninazotengeneza nimeziweka kando. Mzungu mmoja kaniletea injini ya kindege cha kuchezea, yote yaenea kiganjani! Kindege kiliangukia mchangani Mnazi Mmoja, pistoni ikaganda ndani ya silinda. Nikiifufua ataniombea kazi uwanja wa ndege. Dada, nshachoka na saa, naitaka kazi hii!

Nimeifungua, vyuma nimeviroweka kwenye bakuli la mafuta yake. Madirisha nayafunga vumbi lisiingie. Lakini mafuta hayo yananuka! Jana adhuhuri mke wangu Biasha kanikuta nimelala kichwa juu ya meza, kaniita siamki mpaka kanitikisa. Watoto wakalia.

Nduguyo,
Msabah


Makunduchi
7 Novemba 1954

Msabah ndugu yangu,

Marahaba. Miguu ni ileile, usiiulize. Barua yako kanisomea binti wa Mwatum, na hii anaandika yeye.

Fundi gani alala adhuhuri? Hicho kijicho! Watu wamesikia habari ya kazi, na mdomo wako tangu utoto hauna kifuniko. Tena nyumba yenye uvundo malaika hawaingii. Usiku wa kuamkia Ijumaa, Biasha atie ubani chetezoni, akiweke chini karibu na hiyo meza, na mfunge kila mlango moshi usitoke. Nifanyie hilo, roho yangu haijatulia.

Dadako,
Kidawa


Mkunazini
Alhamisi, 11 Novemba 1954

Dada,

Shikamoo. Sote wazima, nawe uwe hivyo. Pistoni imeachia! Kesho mzungu anakuja kuisikia ikinguruma.

Kumbe mafuta yake yana etha, ile dawa ya kulalishia wagonjwa hospitali. Ndiyo iliyonilaza, si kijicho, bibi wee! Mzungu kanikanya nisiwashe kiberiti wala sigara. Bakuli bado liko chini ya meza, kuna vyuma havijatakata.

Hata hivyo neno lako silivunji. Ubani si moto, ni baraka. Biasha anapuliza makaa jikoni, watoto wamenizunguka wanataka kuiona injini. Naishia hapa, Simai wa gari la shamba ananisubiri mlangoni aichukue barua.

Nduguyo,
Msabah


Makunduchi
Ijumaa, 12 Novemba 1954

Msabah,

Salamu baadaye. Simai kafika na barua yako jana usiku, binti wa Mwatum hayupo, sikuwa na wa kunisomea. Asubuhi hii kanisomea Shamsi, aliyekuwa dresa wa kufunga vidonda hospitali. Alipofika kwenye etha akasoma mbiombio hadi mwisho. Kisha akaniuliza ubani umefukizwa lini; nikamwambia jana usiku.

Anasema mvuke wa etha hutambaa sakafuni, hauonekani, na kaa moja latosha kuulipua. Chini nilisema mimi. Mfunge milango nilisema mimi. Ya Rabi, na watoto wamo!

Simai anageuza gari, nami napanda. Shamsi aniuliza barua ya nini, ikiwa nakwenda mwenyewe. Nimemwambia andika tu: Msabah, usifukize.

Dadako,
Kidawa