Hesabu Iliyounguza Injini

Hamza, fundi wangu,

Naandika polepole. Miguu imevimba, pumzi inanikatika nikitoka kitandani tu kwenda mlangoni, na daktari ameacha kunidanganya. Sisikitiki sana. Ila kuna jambo nilipaswa kukuambia ukiwa hai, tulipokuwa tukikaa kibarazani kwako Hamugembe tukitafuna buni za kahawa, na sikukuambia. Padre nimekwisha kumwungamia. Alinisamehe haraka mno. Hajawahi kufungua injini.

Ni ile injini ya Muleba.

Unakumbuka tulivyokuwa. Mimi mwalimu wa fizikia, wewe fundi ambaye magari ya mashindano yalikufuata hata kutoka Mwanza. Ta Kato, mnunuzi wa kahawa wa Maruku, alitaka gari lake jeupe lishinde mbio za kupanda mlima kutoka Kimwani, kule Muleba. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, injini inakosa nguvu, ndipo ukamfungia mtungi wa naitrasi, gesi inayobeba oksijeni yake yenyewe. Ulikuwa umekwisha kuchagua jeti, kile kipande kidogo chenye tundu la kupimia petroli inayoingia pamoja na gesi. Ulichagua kubwa.

Mimi nikaja na karatasi. Hewa pungufu, petroli pungufu: ndiyo ilikuwa hesabu yangu, na kwa injini inayovuta hewa ya kawaida ni kweli. Ukaitazama, ukafuta mikono, ukasema, "Mwalimu, gesi ya mtungi haijui kama tuko Muleba au Tanga. Inatoka vile vile. Ukiinyima petroli, itakula chuma."

Mafundi wote walikuwepo. Nami nikasema, na bado naisikia sauti yangu, "Hamza, wewe fizikia umesomea wapi? Chini ya gari?"

Wakacheka. Na wewe ukacheka, ukainama, ukabadilisha jeti.

Kona ya tatu. Mlio ule. Moshi mweupe juu ya migomba, na pistoni mbili zimeyeyuka.

Ta Kato, aliyekuwa akiendesha mwenyewe, alishuka, akafungua boneti. "Nani kagusa jeti?" Ukajibu kwa heshima ya Kihaya, "Mimi, waitu." Ukanitazama mara moja tu. Nilikuwa nafungua na kufunga kalamu yangu. Nilikuwa nangoja barua ya ukuu wa shule, Hamza. Nilijiambia kwamba mwalimu aliyekosea hesabu mbele ya watu hapewi shule. Sababu ndogo kiasi hicho.

Magari ya mashindano hayakuja tena kwako. Ukarudi kwenye pikipiki na pikapu za ndizi. Mimi nikapata shule yangu. Kila Idi ulinitumia pilau, na jambo lile hukulitaja hata siku moja. Nilipenda kuamini kwamba umesahau.

Tulikuzika msimu wa senene. Sasa gereji ameishika Zulfa. Ndiyo, binti yako, yule ambaye wanaomcheka ulikuwa ukiwajibu, "Spana haiulizi mwanamke au mwanamume, inauliza namba." Amemwaga zege sakafuni, amepaka geti rangi ya bluu, na mteja wa Karagwe amemletea gari la mashindano. La kwanza tangu lile la Ta Kato.

Mwezi uliopita alikuja kwangu na karatasi aliyoikuta kwenye kopo lako la nati. Karatasi yangu, ina alama za vidole vyako vya grisi. Kwa nini uliitunza?

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Najua baba alikosea kwenye kufunga. Lakini hesabu yako naiamini, nitafunga jeti ya kipimo hiki. Na mlima naupanda mwenyewe."

Nikamtazama. Ana paji lako la uso. Ningeweza kusema, "Niachie niipitie upya," nikarekebisha namba kimya kimya, yeye akashinda, mimi nikafa mwalimu mzuri. Nilifungua mdomo kusema hivyo hivyo. Kilichotoka ni, "Mwanangu, baba yako hakukosea. Mimi ndiye." Nikamweleza yote, hata lile neno la chini ya gari.

Akazitazama zile alama za grisi kwenye karatasi.

"Kwa hiyo alijua?"

"Alijua."

"Na akabadilisha?"

"Kwa kuniheshimu."

Akaenda dirishani. "Miaka yote naitwa binti wa muunguza injini," akasema, "na wewe unakula pilau yetu." Hakupaza sauti. Aliondoka bila kuaga, na wiki mbili sikumwona. Nilidhani nimekufa nikiwa hai.

Jumamosi iliyopita, asubuhi, pikapu ikapiga honi. "Panda, Mwalimu." Akanifunga mkanda mwenyewe, akaukaza, tukaenda hadi Kimwani. Pale chini ya mlima aliwakusanya mafundi, akaniweka kwenye kiti cha plastiki. "Waambie."

Nikawaambia, pumzi ikikatika kila sentensi. Sudi, ambaye siku ile alicheka kuliko wote, ameota mvi sasa. Alikuna kichwa, akasema, "Kumbe tulimcheka aliyejua." Mwingine akasema, "Mzee, na hiyo digrii yako?" Wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi. Huwezi kuamini nilivyopumua.

Zulfa alikuwa amefunga jeti yako kubwa kwenye lile gari la Karagwe. Akapanda. Kona ya tatu akafungua gesi, na sauti ikapanda bila kukatika. Kona ya nne. Ya tano. Kisha vumbi jekundu kule juu kabisa, na honi yake. Ulikuwa sahihi, fundi wangu. Ulikuwa sahihi tangu mwanzo.

Sijui kama amenisamehe, na sijamuuliza. Wakati wa kurudi niliegemea kiti, nimefumba macho, akanigusa bega. "Usife kwanza, Mwalimu. Kazi haijaisha."

Kweli haijaisha. Bado Ta Kato. Yuko hai kule Maruku, na kila mgeni anayekaa kwake husimuliwa habari ya fundi aliyemharibia gari. Kesho Zulfa ananipeleka. Pumzika, Hamza, Mola akuweke pema, nami nikifika huko unipokee ukitaka. Lakini kesho nakwenda, nakuahidi. Wanasema Ta Kato siku hizi hasikii vizuri. Basi nitapiga kelele, na majirani wote wasikie.

Aliyekosea hesabu,
Mwalimu wako