Nyani wa Mikumi na vidonge vyako

Shikamoo mama. Niitikie kabla hujanuna, maana vidonge vyako sinavyo.

Unamkumbuka daktari wa Kilosa aliyenipima kichwa baada ya kuanguka na bodaboda? Alinimulika machoni, akanitembeza, akaniuliza kama natapika, akasema kidonda kimeshapona. Kinachorudisha maumivu sasa ni dawa ya maumivu ninayomeza kila siku. Nipumzike, niiache. Ukasema, "Huyo mtoto wa juzi ataniambia nini?" Ukanifungia vidonge vya dawa hiyohiyo mkobani, juu ya maandazi.

Basi wiki iliyopita nimekaa uani kwa dada hapa Mikumi, nyani akashuka ukutani akaubeba mkoba. Maandazi aliyala ananitazama. Kidonge kimoja alikitafuna, akakitema, vingine vyote akavimwaga mtaroni. Siku za kwanza kichwa kiliniuma hasa, nikamlaani yule mnyama! Lakini leo nimekunywa chai, nimefua, nimecheka na dada, na mchana ndipo nikakumbuka kwamba nina kichwa.

Mungu akutunze, mama yangu. Ukituma mzigo mwingine, weka maandazi tu. Mwenzangu bado anakaa ukutani, anangoja.

Mwanao, Zuhura