Siku Niliyoinama Mbele ya Waziri

Mpendwa mdogo wangu Kavira,

Ninakuandikia gazetini, mbele ya watu wote, kwa sababu kwenye simu ninakudanganya. Kila ukimpigia dada yako mkubwa kutoka Kampala unauliza, "Yaya, Furaha na Waziri wako aje?" Nami nakujibu, "Wako wazima," halafu naanza haraka kukueleza habari za barabara ya Sake. Kwenye karatasi siwezi kudanganya hivyo. Wasomaji wangu wananijua, wangenishika kwenye mstari wa pili. Basi na wanishike.

Unakumbuka nilivyokuja kwako Lac Vert, pembeni ya Goma, kukucheka? Kambi zilikuwa zimejaa, nawe ulikuwa umekusanya vijana wa wakimbizi uani, unawaonyesha jinsi ya kufundisha mbwa wa mitaani bila fimbo. Nilisimama mlangoni nikapaza sauti: "Hawa watoto wamekimbia Masisi na godoro kichwani, na weye unawapa imbwa?"

"Yaya, ingia," ulisema. "Ila funga kinywa kidogo."

Furaha, mmoja wa vijana hao, alicheka mpaka akajifunika uso. Wakati ule alikuwa msichana mwembamba aliyempoteza mama yake njiani, na uliniambia baadaye kwamba hukuwahi kumsikia akicheka kabla ya siku ile.

Kulikuwa na mbwa mmoja wa rangi ya manjano. Uliwaambia vijana kwamba kazi ya yaya wako ni kugombana na mawaziri, nao wakampa jina la Waziri. "Huyu ndiye waziri moja tu atatusikia," alisema Bahati, yule mkubwa wao aliyekuwa akipiga kila mtu. Lakini Waziri hakusikia. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, ukimtupia kwa mbali, alikula. Ukiinama kumpa mkononi, alitoka mbio, mkia katikati ya miguu.

Vijana wakabishana. Huyu akasema mbwa ana kichwa kigumu, yule akasema ameshiba kwingine. Bahati akaomba kamba. Wewe hukuwapa jibu. Uliuliza tu, "Kama nyinyi ndiyo imbwa, munaona nini?"

Furaha akapiga magoti, akaweka mikono juu ya mawe meusi, akamwambia Bahati ainame mbele yake. Alimtazama kutoka chini kwa muda. "Anawaza unaokota jiwe," akasema.

Nani katika Goma asiyejua jambo hilo? Volkano ilitupatia mawe bure, na kila mbwa anayezaliwa hapa anajua mtu akiinama kinachofuata ni nini. Papa, baba yetu, kule Katindo tulikokulia, hakuhitaji hata kurusha. Aliinama tu, mbwa wetu akaingia chini ya gari bovu. Na sisi wawili, Papa akishika mshipi wake hata kama ni kupandisha suruali tu, tulikuwa tumeshatoka sebuleni. Tulicheka tulipokumbuka hayo pale uani. Wewe uliacha kucheka kabla yangu.

Vijana wakaamua wenyewe: kwanza kukaa chini, kumtupia samaki. Kisha kuinama kidogo, samaki. Kuinama zaidi, samaki. "Akikimbia, si kosa yake," uliwaambia. "Ni sisi tumeharakisha." Nilimwona Bahati akingoja na sambaza kiganjani mpaka miguu ikafa ganzi, hapigi mtu, hatukani mtu. Hatimaye aliinama mpaka chini na Waziri akaja mbio kwake. Tangu hapo, kwa mbwa yule, mtu anayeinama ni mtu anayeleta samaki.

Kisha vita vikaingia mjini. Kambi zikabaki tupu. Bahati alimfuata mjomba wake upande wa Minova, hatujapata habari zake. Wewe ulipita Birere na watoto wako ukavuka mpaka, ukaniachia Furaha na Waziri. Kwenye mlango wangu ulisema, "Yaya, kelele zako peleka ku karatasi. Hapa nyumbani, hapana." Nilikuahidi.

Ninachokuficha kilitokea mchana mmoja. Furaha alifungua mlango kwenda kuchota maji, na Waziri akatoroka. Watu wenye silaha walikuwa wakishuka barabara yetu, naye akasimama katikati akiwabwekea. Mmoja wao alishageuka. Mbwa akibweka hivyo siku hizi, anapigwa risasi, halafu wanauliza ametoka nyumba gani. Nilijua la kufanya. Ningekaa chini, angekuja. Lakini niliogopa, na unajua mimi nikiogopa ninakasirika. Niliinama nikaokota jiwe.

Na yeye akawaacha wale watu, akanijia mbio, mkia unacheza, macho yote kwenye mkono wangu.

Alikuwa anakuja, Kavira. Nilimwona anakuja. Nikarusha.

Lilimpata juu ya jicho. Alilia kama mtu. Wale watu wakacheka, wakaenda zao.

Kuna watakaosema jiwe lilimwokoa. Hoja hiyo nimejaribu kuisimamisha mwenyewe, mimi ambaye nasimamisha hoja yoyote, na imeanguka. Alikuwa ameokoka alipowaacha wale watu. Nilirusha baadaye, kwa sababu alikuwa amenitia hofu na nilitaka mtu ailipe. Wengine watasema watu wanakufa na huyu analilia mbwa. Sentensi hiyo naijua, nimeitumia. Lakini Furaha alikuwa amesimama mlangoni na bidoni yake ya maji. Aliona yote. Na Furaha ni mtu.

Jicho linapona. Nikitoka uani Waziri anainuka anaondoka taratibu, kama mtu aliyekumbuka kazi. Furaha ananisalimu, anapika, anaosha vyombo, anasema "ndiyo, mama" kabla sijamaliza kusema. Zamani alikuwa akisoma makala yangu na kuniambia, "Mama, hapa umeongeza chumvi." Natamani anitukane hivyo tena. Ninachoogopa ni kwamba ameshaanza kufikiri aende wapi, na huko nje hakuna pa kwenda. Jana niliinama kufunga kiatu, nikasikia kijiko kimemponyoka Furaha jikoni.

Lakini sijakuambia kilichonifanya niandike. Jumapili ulimwuliza Furaha kwa simu habari za Waziri, nami nilikuwa pale pale. Akakujibu, "Iko sawa, tantine. Alijigonga tu ku mulango."

Maneno hayo sikumfundisha. Sijui kama aliyasema kwa kuniogopa au kwa kunihurumia. Kama ni hofu, basi nimejenga nyumba ya Katindo upya. Kama ni huruma, ulimfundisha vizuri, na mimi nimeipokea bila haki.

Utampigia tena Jumapili hii. Nimemwambia yuko huru kukueleza kila kitu, na kwamba mimi nitakuwa kwa jirani. Alijibu, "Ndiyo, mama." Usiharakishe. Akisema iko sawa, nyamaza, mwache aseme tena. Na akiomba kutoka kwangu aje kwako, usinitetee. Tafuta njia, mimi nitambebea mfuko wake mpaka mpakani. Hawaruhusu mbwa kuvuka, kwa hiyo Waziri tutabaki naye. Nitamwekea chakula chake uani, niingie ndani, nifunge mlango, ale kwa amani.

Anayekuomba radhi, na bado hajathubutu kumwomba Furaha,

Yaya wako