Motoka ya Liévin Inakunywa Lutuku

Jumatatu, 18 Juni 1962

Bwana wangu, Liévin, amekuja na motoka! Nyekundu, viti viwili, haina paa — ya mashindano. Ni ya Mzungu aliyekuwa mkubwa wake kazini. Amekimbilia Rhodesia, akamwachia Liévin ufunguo. Mtaa wetu wote, unaoitwa Kenya kama ile nchi, umejaa uani kwetu. Liévin anaipangusa kwa kitenge changu cha Pasaka.

Esanse, petroli, hakuna mjini. Vita. Basi tuna motoka ya kutazama.

Jumatano, 20 Juni

Liévin na rafiki yake Sudi, fundi wa motoka, wameinamia mashine tangu asubuhi. Wamepata akili: lutuku! Pombe kali ya mahindi ya Mama Mwape, mama yake Liévin. Ndiyo inayolisha nyumba hii, na polisi wakijua tumekwisha.

Sudi ni Mwislamu, haonji. Anaipima kwa kiberiti. Anasema alkoli inawaka safi, mashine haigongi, haipati moto sana, inavuta kuliko esanse. Na ubaya wake? Itakunywa karibu mara mbili, itakula mabomba ya mpira, na asubuhi za baridi itakataa kuamka.

— Basi ni kaka yangu mtupu, nikasema.

Hawakucheka.

Alhamisi, 21 Juni

Wamejaribu chupa moja. Motoka ikakohoa, ikafa. Maji mengi mno. Lazima lutuku ichemshwe tena na tena. Mama Mwape amekataa kabisa.

— Miye napikiaka bantu, hapana byuma!

Jumamosi, 23 Juni

Habari mbaya. Dereva wa kamiyo, lori la mizigo, ametoka Kasomeno: Chola, dada mdogo wa Liévin, mimba imefika mwisho na mtoto amekaa vibaya tumboni. Analia anamtaka mama yake. Dereva mwenyewe hana esanse ya kurudi.

Mama akainuka. Aliwasha moto. Amechemsha upya lutuku yote ya nyumba, mara tatu, machozi yanatoka — anasema ni moshi. Wateja wamekuja, hakuna kitu. Wanauliza: nani ameimaliza? Mama akawaonyesha motoka. Mzee Paulin, mteja wetu wa kila siku, ameizunguka kwa wivu.

Jumapili, 24 Juni

Imewaka! Ilibidi Sudi aimwagie maji ya moto kwanza, watu wanne wakasukuma. Ikapiga kelele, ikanukia kama harusi. Halafu bomba la mpira likapasuka. Sudi ameweka la shaba. Shaba ya wapi? Ya mtambo wa Mama wa kupikia lutuku. Amekata mwenyewe, akampa. Sasa hata akitaka kupika, hawezi.

Jumatatu, 25 Juni — kwenye bariere, njia ya Kasomeno

Naandika juu ya magoti. Viti viwili, watu watatu: mimi nimebanwa nyuma na madumu. Liévin alikimbiza! Miti ilikuwa mstari mmoja. Nilimwita Bikira Maria. Mama alishika kilemba chake, akapiga kelele:

— Ongeza, Liévin! Ongeza!

Halafu basoda, askari, wamefunga njia kwa mti. Shefu wao ameinama nyuma ya motoka, akanusa.

— Hii motoka iko imelewa!

Liévin amesema ni esanse mupya. Shefu hasadiki. Kama ni lutuku ni jela, na motoka inabaki hapa. Nikamwambia kuna mtoto anataka kuzaliwa Kasomeno. Hakunitazama. Amemimina kidogo toka dumu ndani ya kikombe chake, akanywa. Macho yakamtoka. Akatema! Akakohoa mpaka kofia ikaanguka.

— Mubaya hii! Nani alipika buchafu hii?

Liévin, haraka: unaona, shefu? Hii hapana ya kunywa. Ni ya mashine tu.

Shefu amejipangusa midomo. Amewaza. Ametoa ishara, soda ameanza kuinua mti. Mungu mukubwa! Tumepita —

Hapana. Mama anashuka. Uso wake siujui.

— Buchafu? Miye, Mwape, buchafu? Ile ni ya motoka, weye! Ngoja nikupe ya bantu.

Ametia mkono ndani ya kapu la nguo za mtoto. Liévin amefumba macho. Mti wa bariere umesimama nusu. Chupa imetoka, kumbe aliificha moja, na shefu ananyoosha kikombe — sijui kama anacheka ama anataka ushahidi wa kutufunga.