Babu wa Tamthilia, Umetuletea Matanga Ibra

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, maana umelala kaburini huko Uingereza miaka mia nne sasa, lakini nimelelewa hivyo: wewe huamkiwa kwanza. Baba yangu alikuwa akisomesha Kiingereza hapa Ibra, Omani. Akirudi shuleni, kabla hajavua viatu vizuri, hukishika kile kitabu chako kizito cha tamthilia, akakipangusa vumbi kwa ncha ya kilemba, kisha akatugeukia sisi watoto: "Mmemwamkia babu yenu?" Tukakuamkia, tungefanyaje? Majirani wetu Waarabu walidhani wewe ni mzee wetu aliyebaki kwetu Tabora.

Leo nakuandikia kukulaumu. Umekaa kwetu miaka yote hii bila kununua hata kilo ya mchele, na mwezi uliopita ukatugombanisha wenyewe kwa wenyewe.

Unakumbuka baba alivyokuwa akikutembeza mjini? Siku moja tulikwenda naye benki, mimi nina miaka kumi. Karani kijana wa Kihindi alimuuliza kwa adabu anataka nini. Baba akaomba kitabu cha hundi kwa Kiingereza chako, kile cha wafalme na majemadari, mkono mmoja kifuani. Karani akamwita meneja. Meneja akamletea maji ya kunywa na kiti. Nilitamani ardhi ipasuke nijifukie. Na ile barua ya kuomba ruhusa ya siku mbili? Aliiandika kurasa tatu, akatia na mwezi na nyota ndani yake, mwalimu mkuu akaisoma, akampa wiki mbili na kumpa pole kwa lolote lililomfika. Baba alirudi nyumbani anacheka. "Nyinyi mnamwona babu hana faida," alisema.

Marehemu mama alikuwa akikuita mke mwenzie mwenye ndevu. Usiku wa kuolewa kwake, Mzanzibari wa mjini kapelekwa kwa mtu wa bara, alidhani tabu yake itakuwa Kiswahili cha mumewe, kumbe tabu yake ulikuwa wewe. Mimi nami nilikuonea wivu, nakiri. Baba hakunisomea hadithi yoyote ila zako, na nikisinzia aliendelea kukusomea wewe mwenyewe.

Sasa sikiliza ulichokifanya. Binti yangu Rahma amemaliza chuo Nizwa, naye amekuwa mwalimu wa Kiingereza kama babu yake. Akapangiwa shule Sur. Nyumba nzima tulifurahi, na baba kuliko sote. Basi Rahma akataka kuwatayarishia wanafunzi wake kitu kutoka kwako, akamchagua yule mfalme anayechukua kurasa nne kukata roho. Kurasa nne zile akazifanya karatasi moja. Kiingereza chako akakivua joho, akakivisha nguo za vijana wa leo, kile Kiingereza wanachoandikiana kwenye simu. Pale kilipomwishia akatia Kiarabu, na Kiarabu kilipomwishia akatia Kiswahili chetu, hicho kidogo alichobaki nacho. Baada ya sala ya alasiri akamwekea babu yake kahawa, akamsomea, anasubiri sifa.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. "Mfalme wangu yuko wapi?"

"Si huyu hapa, babu. Hii mfalme imekufa, sasa watoto watafahamu."

"Hii mfalme!" Baba akashika kichwa. "Umekwisha kumuua Mwingereza, sasa unaniulia na Kiswahili!"

"Babu, wallahi, hii Kiingereza ya kitabu hakuna mtu anasema. Hata Waingereza wenyewe, khalas, wameacha."

Ingekuwa heri angenyamaza. Baba alivua kile kifaa chake cha kusikilizia, akakitia mfukoni. "Sina radhi na jambo hili," akasema, akaingia chumbani.

Wewe huenda hujui uzito wa neno hilo kwetu. Mtoto haanzi safari, sembuse kazi, bila radhi za mzee wake. Rahma alikuwa na wiki tatu kabla ya kwenda Sur, na wiki zote tatu baba hakusema naye. Kifaa alikivaa kwa kwenda msikitini na kwa habari za redio, basi. Mtoto akimwamkia, anaitikia kwa kichwa. Rahma akaanza kusema ataandika barua ya kuikataa kazi. Mimi nimekaa katikati, huku mzazi na huku mwana, nakohoa tu.

Na lililoniudhi zaidi ni kwamba hoja ya Rahma niliipata kwa baba mwenyewe. Ndiye aliyenieleza utotoni kuwa ukikosa neno hukungoja ruhusa, ulilitunga. Neno la jirani likikupendeza ulilichukua bila kupiga hodi. Sina shaka wazee wa mji wako walikuwa wakikusikitikia: kijana huyu anatuharibia lugha. Leo wewe ndiye umekuwa mzee, umewekewa mlinzi, na mlinzi mwenyewe ni baba yangu, mkali kuliko wewe ulivyopata kuwa.

Ikafika Alkhamisi ya mwisho. Rahma alitakiwa kuondoka Jumamosi. Alikuwa uani na binti za shangazi yake wakijaribu mchezo, nadhani kwa kujiliwaza tu, akanipa mimi sehemu ya mama wa mfalme. "Mama, wewe lia tu, kwa nguvu." Sisi hapa hatulii msiba kwa kupiga kelele, si adabu. Nilianza kwa haya. Kisha nikamtazama mwanangu, ameishika karatasi yake ile imekunjamana, nikaziona wiki tatu za kimya ndani ya nyumba yangu, nikalia kwelikweli. Nililia mpaka njiwa wakaruka juu ya ukuta.

Watu walikuwa ndio wanatoka msikitini.

Kumbe Abu Saif, jirani yetu, alisikia kilio kutoka nyumba ambayo haijatoa kilio hata siku moja, akawageukia wenziwe, wakaja moja kwa moja kwenye majlisi, chumba cha wageni, ambamo baba, aliyesali nyumbani siku ile, alikuwa amejilaza, kifaa mfukoni, hana habari na dunia. Wakamshika mkono mmoja mmoja wakimpa pole: "Ahsana Llahu azaakum." Baba akaona nyuso zimeinama, akajua kuna mtu kafa. Nani? Kuuliza aibu. Akadhani msiba ni wa Abu Saif, akampa pole naye. Abu Saif akapokea, akidhani ndivyo walimu wanavyojibu.

Wakakaa. Na unajua desturi za hapa, ama hujui, basi nikwambie. Wageni wakikaa huulizana habari, na jibu la kwanza ni kuwa hakuna habari, hata kama nyumba inawaka moto. "Ulumkum?" akauliza Abu Saif. "Ma shay ulum," akajibu baba kwa mazoea, maana aliona midomo tu. Baba naye akamuuliza, akajibiwa hivyo hivyo. Wakanyamaza kwa heshima, na wengine wakazidi kuingia. Akaingia hata Mbedui mmoja aliyekuwa akitoka soko la Sinaw na mbuzi wawili nyuma ya pikapu, kaona viatu vingi mlangoni, akaegesha gari.

Baba akaja kugonga mlango wa uani. "Leta kahawa na tende. Kuna msiba."

"Wa nani?" nikamuuliza kwa ishara.

"Sijui. Usiulize!"

Nikateleka birika la kahawa. Kabla sijageuka, wanawake nao hao, wanaingia na sinia la wali. Umm Saif akanikumbatia, nami nikaanza kulia upya, safari hii kwa ajili ya maiti nisiyemjua. Tulipotulia kidogo akaninong'oneza, "Mwalimu kafa saa ngapi?"

"Mwalimu gani? Baba? Baba yupo ndani anakunywa kahawa na mumeo!"

Rahma akatazama karatasi yake, akatazama sinia la wali, akakaa chini.

Nikaenda mlangoni, nikamwita baba. Kwanza nilimwashiria avae kifaa chake. "Baba, hakuna aliyekufa ila mfalme."

"Mfalme yupi?"

"Wa babu."

Sijawahi kumhurumia mtu kama nilivyomhurumia pale. Alirudi kati ya wanaume wale wote, akasimama, akawaeleza kwa Kiarabu chake safi kwamba marehemu ni mfalme wa katika tamthilia. Abu Saif, ambaye utotoni alikuwa mwanafunzi wa baba na fimbo zake anazikumbuka, akauliza taratibu, "Ustadhi, huyu mfalme alifariki lini?"

"Hakuwepo hata siku moja," akasema baba.

Kisha yule Mbedui akaweka kikombe chini. "Kama hakuwepo, kwa nini yule mama alilia vile?"

Nilijificha nyuma ya pazia. Mbedui akachukua tende nyingine. Akasema, "Basi tuhadithieni alivyokufa, maana kuja tumekwisha kuja."

Baba akafurahi, maskini. Akakuleta wewe mzima mzima, mkono kifuani, kwa Kiingereza chako halafu kwa Kiarabu cha vitabuni. Kabla mfalme hajafika hata kitandani, vikombe vilianza kutikiswa kimoja kimoja, ishara ya hapa ya kusema imetosha. Baba akaviona. Sauti ikampungua, akanyamaza.

"Na yule binti uani?" akauliza Mbedui. "Yeye hajui?"

Rahma alisoma akiwa nyuma ya dirisha la majlisi, katika lugha zake tatu zilizochanganyika. Nilitazama kwa kipenyo cha pazia. Wanaume wakasogea dirishani na mito yao. Walicheka mfalme alipowatuma watu wamletee daktari kisha akawatuma wengine wakamzuie. Alipomwita mamaye, Abu Saif alijifuta macho kwa kilemba. Rahma akasita kugeuza karatasi, na Mbedui akapiga kelele, "Kisha ikawaje?"

Baba akageuka kumtazama yule mtu.

Wageni walipoondoka, na waliondoka wameshiba wali wa matanga ya mtu asiyekuwepo, baba alitoka uani. Rahma akasimama. "Babu, nisamehe."

"Niliwasomesha watu wale miaka thelathini," baba akasema. "Abu Saif nilimchapa kwa ajili ya mfalme huyu huyu. Hakuna hata mmoja, mwanangu, hata mmoja, aliyepata kuniuliza kisha ikawaje." Akamwekea mkono kichwani. "Nenda Sur. Radhi zangu unazo. Zilikuwa zako tangu mwanzo, ni kiburi changu tu kilichozikalia."

Ndiyo hayo, Babu. Nilianza barua hii na hasira nawe, nayo naona imeniishia njiani. Lala salama huko uliko. Lugha yako hawaisemi tena kama ulivyoisema, na yangu nayo naiona inanikimbia midomoni mwa mwanangu. Inaniuma, sikufichi. Lakini jana Rahma alipiga simu kutoka Sur, na nyuma yake nilisikia watoto thelathini wanamlilia mfalme wako, wanalia na kucheka, na hakuna hata mmoja aliyechapwa.

Ni mimi,
binti wa mwalimu, na mama wa mwalimu.